Madini ya damu: chupa, kipimo au sado ya usipa?

Msimu wa malipo ya kahawa ukifika Mbinga, wauza mabati hufika, wauza pikipiki hufika, na siku hizi hufika pia watu wa "kipimo cha mwili mzima". Hupanga meza, kompyuta mpakato juu yake, na waya unaoishia kwenye kifimbo cha chuma. Unaulizwa umri, jinsia, uzito na urefu. Unakishika kifimbo kiganjani dakika moja hivi, kisha printa inatema kurasa: seleniamu iko chini, zinki iko chini, chuma kiko chini, sumu mwilini ziko juu. Pembeni zimepangwa chupa za vidonge vya antioksidanti, na ajabu ni kwamba zinatibu yaleyale yaliyoandikwa kwenye karatasi.

Mwenye karatasi hiyo ana njia tatu za kutumia fedha zake. Anunue chupa, aende maabara ya hospitali, au ashuke sokoni akanunue usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa. Kwa mkazi wa Mbinga au wa pwani ya Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Mbambabay, mpangilio wangu wa thamani ya fedha ni huu: usipa kwanza, maabara nafasi ya pili, na chupa mbali sana nyuma. Kifimbo hakimo kabisa kwenye mashindano.

Sababu ni rahisi. Seleniamu ya kwenye damu hupimwa kwa damu. Anayeipima kweli huchukua damu ya mshipani kwa mrija maalumu usio na chembechembe za madini, kwa kuwa hata kizibo cha mpira cha mrija wa kawaida kinaweza kuongeza zinki na kuharibu jibu. Damu huzungushwa mpaka majimaji yake yatengane na chembe nyekundu, hugandishwa, halafu huingizwa kwenye mashine yenye joto la maelfu ya nyuzi inayohesabu atomi. Kinachotafutwa ni mikrogramu zisizofika hata elfu moja katika lita nzima. Kifimbo cha mkononi hakina njia ya kuyaona hayo. Kama bado una shaka, jipime mara mbili siku hiyohiyo, na mara ya pili utaje umri na uzito wa mtu mwingine. Kisha weka karatasi mbili pamoja uzisome.

Hata hivyo, jambo lenyewe ambalo wauza chupa wameling'ang'ania si la uongo. Mwili unapotumia hewa ya oksijeni kupata nguvu, hubaki chembe haribifu zinazoshambulia mafuta na protini za seli. Mwili una askari wake wa kuzizima, ndio antioksidanti, na askari hao hawafanyi kazi bila madini. Kimeng'enya kimoja, kilichoelezwa mwaka 1969, kinahitaji zinki na shaba. Kingine, ambacho mwaka 1973 kilithibitishwa kuwa kina seleniamu ndani yake, bila madini hayo hulala. Cha tatu kinahitaji chuma. Kwa hiyo madini ya damu na kinga ya antioksidanti ni habari moja, na swali la mnunuzi ni wapi ayapate kwa bei nzuri bila kujidhuru.

Nianze na maabara, maana hapo ndipo wengi hupoteza fedha kwa kupima visivyohitajika na kuacha kinachohitajika. Kipimo cha kwanza ni wingi wa damu, yaani HB. Ni tone la kidoleni, na hakuna sababu ya kusafiri mpaka Songea kwa ajili yake. Kwa vigezo vya kawaida, mjamzito aliye chini ya 11, mwanamke asiye mjamzito aliye chini ya 12, na mwanamume aliye chini ya 13 huhesabiwa kuwa na upungufu. Upungufu huu si hadithi za mbali: utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa chini ya miaka 5 na asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini wakiwa na upungufu wa damu.

Kwenye wilaya zetu hizi kuna jambo moja ambalo mara nyingi halielezwi. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupanda kupita mita 1,500. Huko juu hewa ni nyepesi, hivyo mwili hujiongezea wekundu wa damu ili upate oksijeni ya kutosha. Shirika la Afya Duniani huelekeza vipimo virekebishwe kulingana na mwinuko. Maana yake, 12 ya mama wa Litembo si sawa na 12 ya mama wa Liuli. Wa Litembo ndiye mwenye upungufu zaidi, ingawa namba ni moja. Ukiwa unaishi mlimani na jibu lako linagusa mpaka, mkumbushe anayekuhudumia.

HB ikiwa chini, usikimbilie kununua chuma. Pwani ya ziwa kuna malaria, kuna kichocho, kuna minyoo. Na kuna selimundu katika baadhi ya familia. Vyote hivyo hushusha damu, na chuma peke yake hakitibu hata kimoja. Lipia kipimo cha malaria na cha choo pamoja na HB. Nadhani hiyo ndiyo fedha inayotumika vizuri kuliko zote katika habari hii ya vipimo. Picha kamili ya damu huongeza jambo: ikionyesha chembe nyekundu ni ndogo na zimefifia, chuma hushukiwa. Kipimo cha akiba ya chuma, feritini, ni kizuri lakini kina hila yake. Ukiwa na homa au uvimbe mwilini hupanda chenyewe, ukaambiwa una chuma cha kutosha ilhali huna. Aliyetoka kuugua malaria juzi asikilipie leo.

Na seleniamu? Sishauri mtu binafsi ailipie. Kipimo chake ni cha watafiti, na watafiti wameshatufanyia kazi kubwa ng'ambo ya ziwa, nitaielezea nikifika kwenye usipa.

Tukija kwenye vidonge vya chuma, hapa kuna hesabu ndogo inayookoa fedha. Kidonge cha salfeti ya chuma cha miligramu 200 kina chuma halisi kiasi cha miligramu 65. Kidonge cha glukoneti cha miligramu 300 kina 35 tu. Mnunuzi huona 300 akadhani amepata zaidi, kumbe amepata karibu nusu. Gawa bei kwa miligramu za chuma halisi, si kwa ukubwa wa namba iliyo mbele ya pakiti. Dawa za maji za "kuongeza damu" zenye picha ya farasi au mtoto mnene mara nyingi hushindwa vibaya kwenye hesabu hii. Ukianza vidonge choo kitakuwa cheusi na tumbo linaweza kusumbua. Wengi huacha kwa sababu hiyo, nayo si dalili ya hatari.

Kwa watoto wadogo mambo ni mengine, na ushahidi wake umetoka kwetu. Kisiwani Pemba watafiti waliwapa watoto wa miezi 1 hadi 35 chuma na asidi ya foliki kila siku bila kuwapima kwanza. Watoto waliohusika, pamoja na waliopewa vidonge visivyo na dawa, walizidi 24,000. Agosti 2003 vidonge vyenye chuma vilisimamishwa, kwa sababu watoto waliovipata walilazwa au kufa zaidi kwa asilimia 12. Matokeo yalichapishwa 2006 katika jarida la Lancet. Lakini katika kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likipimwa damu na kutibiwa malaria, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walinufaika. Chuma kilekile kiliwasaidia waliokuwa wamepungukiwa na kuwaponza wengine. Mzazi wa Mbambabay au Chiwanda, ambako mbu ni walewale, asinunue chuma cha mtoto dukani kwa kukisia.

Sasa chupa. Siwezi kutaja bei moja, maana hubadilika kwa muuzaji na hata kwa sura ya mnunuzi, ila hesabu iko hivi. Tuseme chupa ni shilingi 60,000, ina vidonge 60, na unaambiwa umeze 2 kwa siku. Hiyo ni shilingi 2,000 kila siku, na mwezi ukiisha unaambiwa "dozi kamili ni miezi mitatu". Bima ya CHF iliyoboreshwa, kwa kiwango cha shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka kilichokuwa kimezoeleka mikoani, ingegharimu nusu ya chupa hiyo. Yaani kwa chupa moja ya mfano huu, kaya mbili zingetibiwa na kupimwa mwaka mzima. Uliza ofisi ya kijiji utaratibu wa sasa wa bima, kwa kuwa sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 inabadilisha mambo.

Lakini tuseme fedha si tatizo. Je, chupa inafanya kazi? Finland wavutaji sigara wanaume 29,133 walishiriki utafiti wa betakarotini na vitamini E, antioksidanti mbili zilizotukuzwa sana. Mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliomeza betakarotini walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Marekani, Canada na Puerto Rico wanaume 35,533 waliingia katika utafiti wa seleniamu na vitamini E kwa matumaini ya kuzuia saratani ya tezi dume. Ulisimamishwa 2008 kwa kukosa faida, na 2011 ikaonekana waliomeza vitamini E peke yake walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 17. Wengi wa wanaume hao walikuwa tayari na seleniamu ya kutosha. Mtungi uliojaa hauongezwi maji.

Kuna upande wa pili, na ni haki kuusema. Dar es Salaam, kuanzia 1995, wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI waligawanywa makundi katika utafiti wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard. Wakati huo dawa za kufubaza virusi, ARV, hazikuwapo kwa watu wa kawaida. Waliopewa vitamini B, C na E walifika hatua ya mwisho ya ugonjwa au kufa kwa asilimia 24.7, na wasiopewa asilimia 31.1. Ni msaada wa kweli, kwa vidonge vya bei ndogo. Muuzaji anayeujua utafiti huo atakutajia. Asichokutajia ni ule uliofuata: ARV zilipokuja, wagonjwa 3,418 wa Dar es Salaam walilinganishwa, baadhi wakipewa vitamini nyingi na baadhi kiasi cha kawaida. Dozi kubwa haikuleta faida yoyote, na mwaka 2009 utafiti ukasimamishwa kwa sababu vipimo vya ini vilikuwa vinapanda. Anayetumia ARV aongee na watu wa CTC, kliniki yake ya matibabu, kabla ya kufungua chupa yoyote.

Seleniamu nayo ina ukingo mwembamba. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 55 kwa siku, na kikomo ni 400. Mwaka 2008 Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilichanganywa vibaya kiwandani, kikawa na seleniamu mara 200 ya iliyoandikwa. Watu 201 waliugua. Nywele zikanyonyoka, kucha zikaharibika. Hiyo ni nchi yenye maabara kila kona.

Kuhusu namba kubwa za "nguvu ya antioksidanti" zinazoandikwa kwenye makasha: Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyokuwa ikitunza orodha ya namba hizo, iliiondoa 2012 kwa sababu kampuni zilikuwa zikiitumia vibaya, na kwa sababu nguvu ya kwenye kikombe cha maabara haielezi kinachotokea mwilini. Tazama pia chupa imesajiliwa kama nini. TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ilipogeuzwa kuwa TMDA mwaka 2019, usimamizi wa vyakula ulihamia TBS, shirika la viwango. Chenye alama ya TBS kimesajiliwa kama chakula, hivyo anayekuambia kinatibu presha na kisukari anavuka mpaka.

Tushuke ziwani. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbambabay imemsogeza usipa karibu na mlima, na hapo ndipo ninapoona mnunuzi anapata faida kubwa kuliko anavyodhani.

Watafiti wa Malawi na Uingereza walipima damu ya wanawake wa sehemu mbili za Malawi, wakachapisha 2013. Zombwe, kaskazini, ina udongo wa tindikali unaoishika seleniamu isipande kwenye mahindi. Mikalango, kusini, ina mfinyanzi mweusi usio na tindikali. Wote wanakula ugali wa mahindi yao, lakini seleniamu katika damu ya wanawake wa Mikalango ilikuwa juu sana kuliko ile ya Zombwe. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya nchi nzima, watu 2,761. Kati ya wanawake 802 wa umri wa kuzaa, asilimia 62.5 walikuwa chini ya kiwango ambacho kile kimeng'enya cha seleniamu hufanya kazi kikamilifu. Ramani ilionyesha mambo mawili yanayoamua hali ya mtu: aina ya udongo, na ukaribu na ziwa, kwa kuwa walio karibu na ziwa huelekea kula samaki zaidi. Ni ziwa letu hilihili, na usipa hawana pasipoti.

Kwa hiyo kijiko cha usipa kwenye sahani ya ugali kina seleniamu, zinki na chuma kinachofyonzwa vizuri kuliko cha majani. Usipa huliwa mzima, hivyo mifupa yake inaleta kalsiamu. Anayekata vichwa kwa sababu ya uchungu anatupa sehemu ya alichonunua.

Kununua kuna ujuzi wake. Usipa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti vizuri, mzigo hupungua na bei hupanda; nunua wakati wa giza, uweke akiba. Usilinganishe kilo ya wabichi na kilo ya wakavu kana kwamba ni kitu kimoja. Samaki mbichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 70, kwa hiyo kilo 1 ya wakavu imetokana na kilo 3 hadi 4 za wabichi. Mkavu akiuzwa mara tatu ya mbichi, bado hujapunjwa.

Kabla ya kufungasha, chukua wachache mkononi. Usipa mzuri mkavu bado anang'aa fedha ubavuni na anavunjika kwa mlio. Akiwa amegeuka njano au kahawia na ananuka mafuta yaliyochacha, mafuta yake yameshaoza kwa hewa. Ni uharibifu uleule wa oksijeni ambao wauza chupa wanaahidi kukukinga nao, na hapo unaununua kwa sado. Tia kiganja kimoja kwenye bakuli la maji: aliyeanikwa mchangani ataacha mchanga chini, wa kwenye kichanja ataacha maji karibu safi. Wa kichanja huuzwa ghali kidogo, lakini mchanga nao umepimwa kwenye mizani, kwa hiyo tofauti ya bei ni ndogo kuliko inavyosemwa.

Asiyekula samaki ana maini, mayai, maharage ya kwenye mashimo ya ngoro na mbegu za maboga. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yamwagwe, ili madini yafyonzwe vizuri.

Limebaki jambo la kinywaji, nalo ni bure. Kahawa ya Mbinga imejaa antioksidanti, ila antioksidanti hizohizo hushikana na chuma tumboni kikapita bila kufyonzwa. Katika jaribio lililochapishwa 1983, kikombe cha kahawa pamoja na mlo kilipunguza chuma kilichofyonzwa kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia vilevile; iliyonywewa saa moja kabla haikuzuia chochote. Kwa hiyo anayemeza vidonge vya chuma kwa chai ya rangi anatupa sehemu kubwa ya alichokilipia. Ameze kwa maji, au ale pera. Gramu 100 za mapera zina vitamini C takriban miligramu 228, wakati za machungwa zina 53, na vitamini C husaidia chuma kuingia. Mpera wa nyuma ya nyumba unaishinda chupa ya vitamini C, na hakuna wakala anayepata kamisheni.

Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka 5 hawapaswi kuwamo katika hesabu zote hizi za fedha. Vidonge vya chuma na foliki kwa wajawazito, pamoja na matone ya vitamini A kwa watoto kila Juni na Desemba, ni huduma zisizolipiwa katika vituo vya serikali. Ukidaiwa fedha, omba risiti, kisha ipeleke kwa mganga mkuu wa wilaya.